Lita tisa kwa siku: kuishi peke yako kwenye kempa katika jangwa la Arizona

Mtu akipanga kwenda kukaa jangwani peke yake ndani ya kempa, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, mara nyingi huanza na sola. Atanunua paneli, betri na inveta, atazifunga vizuri, halafu siku ya sita anawasha gari kurudi mjini kwa sababu choo kimejaa. Umeme kule unakuja wenyewe kila kukicha. Maji hayaji, na maji machafu hayaendi popote mpaka uyapeleke. Hesabu yote basi inaanzia kwenye tangi, na sola inafuata.

Mfano wetu ni Quartzsite, mji mdogo magharibi mwa Arizona, pale barabara kuu ya I-10 inapokutana na ile ya 95, karibu na mpaka wa California. Kila majira ya baridi jangwa linalouzunguka hujaa kempa za wazee wanaokimbia theluji ya kaskazini. (Makaburini pana mnara wenye ngamia juu yake: ni wa Hadji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani mwaka 1856 jeshi lilipojaribu kusafirisha mizigo jangwani kwa ngamia. Wamarekani walishindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly.) Sehemu kubwa ya ardhi hapo ni ya serikali kuu, chini ya BLM, idara inayosimamia ardhi za umma. Kwa kawaida unaruhusiwa kukaa bure sehemu moja siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha usogee angalau maili 25, yaani kilomita 40. Asiyetaka kuhamahama anaingia kwenye maeneo ya kukaa muda mrefu, kama La Posa kusini mwa mji, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kibali cha msimu mzima kwa miaka mingi kilikuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40; tazama bei ya msimu wako kabla ya kuondoka. Humo ndani, kempa inatakiwa iwe na tangi la maji machafu lililofungwa kwenye gari, lisilopungua galoni 10, karibu lita 38. Asiye nalo hukaa karibu na vyoo vya eneo, pale vilipo.

Jambo moja kwa wenzetu ambao bado si raia wa Marekani: kuhama anwani kunaripotiwa kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Jangwa si anwani. Panga kabla ya kuondoka barua zako zitafikia wapi, maana wito wa mahojiano ukirudishwa posta, kuurekebisha ni kazi ya miezi.

Tangi

Mtu mmoja makini, katika baridi ya Desemba yenye mchana wa nyuzi 20, anatumia lita 9 kwa siku: 4 za kunywa, moja na nusu za kupikia, moja na nusu za vyombo, 2 za mwili. Kempa yenye tangi la lita 100, pamoja na madumu mawili ya lita 20, ina lita 140. Siku 14 zinakula lita 126. Zinabaki 14, na hizo si za kuongezea siku. Ni akiba ya siku gari likigoma. Mchana ukipanda kufika nyuzi 35, kunywa peke yake kunaweza kufika lita 6 au 8, na hesabu nzima inavunjika. Kumbuka pia kwamba lita moja ni kilo moja: lita 140 ni kama kubeba watu wawili wazima, kwa hiyo madumu yakae karibu na ekseli, yasirundikwe mkiani.

Hewa kavu inadanganya. Jasho linakauka kabla hujaliona, shati halilowi, na unadhani hujapoteza kitu. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Na anayekunywa maji matupu mengi bila chumvi huishia na kichwa kizito na kichefuchefu, akazidisha maji, hali ikazidi. Lita moja ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ndiyo dawa ileile ya kuharisha tunayoijua toka utotoni, na huku inafaa vilevile.

Kuoga, mswahili ana faida. Aliyezoea ndoo na kopo hahitaji somo. Lita 2 zinatosha, hasa ukitumia bomba dogo la kupulizia dawa ya mimea (jipya, halijawahi kutiwa sumu) uliloliacha juani tangu asubuhi. Udhu hautaki hata lita moja. Mtume alitawadha kwa mudi, na mudi haifiki lita. Maji yakifikia ya kunywa tu, tayamamu ipo, na udongo safi ndio usiseme. Jikoni, adui ni ugali. Sufuria yenye ukoko inakula maji ya vyombo ya siku mbili. Mwaga kikombe kimoja cha maji moto, funika dakika 20, bandua ukoko kwa mwiko, futa kwa karatasi, ndipo usuuze. Maharage yaloweke usiku na uyapike kwa presha kuka, karibu nusu saa. Sufuria ya kawaida inaweza kuchukua saa tatu, na nusu ya maji yanatoka dirishani kama mvuke.

Gesi, kwa kweli, haisumbui. Jiko la kilowati 2 linachoma kama gramu 145 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 9 unatoa saa 60 za moto. Ukipika saa moja na nusu kwa siku, ni siku 40.

Turudi kwenye choo, maana ndicho kinachorudisha watu mjini. Kaseti ya kawaida, yaani tangi dogo la choo linalochomolewa, inachukua lita 18 hadi 20. Mkojo wa mtu mmoja ni karibu lita 2 kwa siku, ongeza maji ya kusukumia na ya kutawaza, na siku ya sita au ya saba taa nyekundu inawaka wakati tangi la maji safi bado lina zaidi ya nusu. Dawa yake ni kutenganisha: mkojo uende kwenye dumu lake lenye kifuniko cha kukaza, choo kikubwa kibaki kikavu, kikifunikwa na vumbi la mbao au nyuzi za nazi. Hapo dumu la lita 20 linafika siku 10, na madumu mawili yanakupitisha siku 14. Choo cha aina hiyo kimebuniwa kwa watu wa karatasi. Anayetawaza kwa maji amimine kidogokidogo, kama robo lita, ayaelekeze mbele upande wa mkojo. Yakiingia upande mkavu, harufu inaanza siku ya pili na nzi wanajua kabla yako. Dumu la mkojo linamwagwa kwenye kituo cha maji taka; kile kikavu chenye vumbi la mbao hakimwagwi humo. La Posa wanacho. Maji ya vyombo nayo huyamwagi chini ndani ya maeneo hayo, hata kama ardhi inaonekana ina kiu.

Tangi jipya, au lililokaa msimu mzima bila kutumika, lisafishwe kwa klorini isiyo na manukato: mililita 60 kwa kila lita 57 za maji. Fungua kila bomba mpaka harufu itoke, liache usiku kucha, kisha suuza mpaka harufu iishe. Maji ya kunywa yenye mashaka lakini meupe: matone 2 ya klorini ya asilimia 6 kwa lita, subiri dakika 30. Madumu yanayopenya mwanga yafunikwe, la sivyo yanaota ukijani. Na ukisikia pampu inanguruma bila kutoa maji, usikimbilie kununua nyingine. Kabla ya pampu kuna kichujio kidogo chenye kikombe kinachoonyesha ndani. Kifungue, utakuta chembe za plastiki zilizobaki siku tangi lilipotobolewa kiwandani.

Nyuki pia wanataka maji. Bomba linalodondosha tone moja kila dakika litakuletea mamia mchana wa joto. Kaza, futa, na usiache beseni wazi nje.

Umeme

Friji ya kompresa ya lita 40, wati-saa (Wh) 400 kwa siku. Laptopu, 200. Ruta ya intaneti ya simu ikiwaka saa 24, 150. Feni ya dari, 100. Taa, simu na pampu, kama 70. Jumla 920, ongeza upotevu, sema Wh 1,000. Betri mbili za lithiamu za volti 12.8, kila moja ya ampea-saa (Ah) 100, zina Wh 2,560, yaani siku mbili na nusu bila jua, na Quartzsite ni nadra kukaa muda huo bila jua.

Makosa yako kwenye paneli. Aliyekulia Nairobi au Mwanza amezoea jua la utosini. Huko paneli ikilala juu ya bati inafanya kazi mwaka mzima. Quartzsite iko karibu nyuzi 34 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri linafika nyuzi 33 tu juu ya upeo wa macho, tena upande wa kusini. Paneli mbili za wati 200, jumla wati 400, zikilala bapa zinakupa Wh 1,000 hivi kwa siku; hapo uko ukingoni kabisa. Zilezile zikiinuliwa nyuzi 50 kuelekea kusini zinapita 1,500. Kwa hiyo bawaba na vyuma vinne vya kuinulia vina faida kuliko paneli ya tatu. Ila vifungwe kwa boliti. Upepo wa usiku ukiingia chini ya paneli iliyoinuliwa, inageuka tanga.

Kuna tatizo moja ambalo huwapata wengi kiasi kwamba inafaa tulikague hatua kwa hatua: friji inazima saa nane za usiku, na betri inaonyesha asilimia 60. Watu hulaumu betri. Chukua mita. Pima kwenye nguzo za betri wakati kompresa inazunguka: 13.1. Sasa pima kwenye plagi ya friji, bado inazunguka: 12.0. Volti 1.1 zimepotelea njiani. Waya uliokuja na kempa mara nyingi ni wa milimita mraba 1.5, mita 6 kwenda na 6 kurudi zina ukinzani wa karibu omu 0.15, na friji ikivuta ampea 5 unapoteza volti 0.7. Zilizobaki zinaliwa na soketi ya kuwashia sigara, ambayo chuma chake kinagusa kwa ncha tu. Iguse plagi, ikiwa ya moto, jibu umelipata. Sekunde ambayo kompresa inaanza kuzunguka inavuta zaidi, volti zinashuka hadi 11 na kitu, na friji inadhani inailinda betri ya gari. Vuta waya mpya wa milimita mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, weka plagi ya kukaza kwa skrubu, na kama betri ni ya lithiamu yenye ulinzi wake wa ndani, weka ulinzi wa friji kwenye ngazi ya chini. Gharama haifiki dola 40. Betri mpya ni mamia.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri iwezekanavyo, ndani ya sentimita 20. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Inveta ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 90 upande wa betri, na waya wa milimita mraba 10 hapo ni moto unaosubiri siku yake. Lithiamu pia haichajiwi chini ya nyuzi sifuri. Quartzsite ni mara chache kufika huko. Ukipanda milimani utafika, kwa hiyo nunua yenye kinga.

Mahali pa kuegesha

Tafuta changarawe nyeusi iliyobanana kama sakafu, iliyoinuka japo mita moja kuliko makorongo. Mchanga laini, mweupe na wa kuvutia chini ya miti ya ironwood ndio mkondo wenyewe. Mvua inaweza kunyesha kilomita 30 mbali, kwako jua linawaka, na maji yakapita hapo jioni. Ukikwama, acha kukanyaga mafuta tairi linapozunguka mara ya kwanza. Toa upepo mpaka karibu PSI 20 kama gari si zito sana, chimba mbele ya tairi mpaka chini ya kitovu chake, lalisha mbao, ondoka polepole. Ujaze upepo kabla ya lami, kwa hiyo usitoe kabla hujahakikisha kompresa ya upepo inawaka.

Turubai la kivuli likunje kila usiku, hata kama hewa imetulia tuli. Dhoruba ya vumbi ikikukuta barabarani, toka kabisa nje ya lami, zima taa zote, weka breki ya mkono na uondoe mguu kwenye breki. Mwenye gari nyuma akiona taa nyekundu atadhani barabara inaendelea hapo.

Panya wa jangwani wanapenda waya za injini. Acha boneti wazi usiku na taa ndogo ya sola ndani. Wanachukia pasipo na giza. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Tochi ya mwanga wa urujuanimno inawaonyesha usiku wakiwaka kijani, na ukiishaona walivyo wengi hutatoka tena na ndala.

Vumbi lenyewe lina ugonjwa, unaitwa Valley fever. Udongo wa Arizona una kuvu aina ya Coccidioides, na anayevuta mbegu zake anaweza kupata homa, kikohozi na uchovu wiki moja hadi tatu baadaye. Wengi hupona wenyewe. Lakini ugonjwa mkali unaosambaa mwilini huwapata zaidi watu weusi, na picha ya kifua inaweza kufanana na ya kifua kikuu. Msomaji mwenye asili ya Afrika Mashariki akienda kwa daktari nje ya Arizona, huenda akaanzishiwa uchunguzi wa TB na kuvu hakuna anayeiulizia. Taja mwenyewe: nimekaa jangwani Arizona, naomba kipimo cha damu cha Valley fever.

Mikono miwili tu

Upweke wenyewe kila mtu ana wake. Cha kupanga ni ajali ndogo ambazo kwa watu wawili ni kichekesho. Upepo unabamiza mlango, funguo ziko ndani, uko nje na kaptura: ufunguo wa akiba uvae shingoni, na dumu moja la maji likae nje chini ya kempa saa zote. Ngazi ya kupandia paa ni hatari kuliko nyoka; vumbi la paneli lifute ukiwa chini, kwa brashi ya mpini mrefu, asubuhi zikiwa bado baridi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. King'ora cha kaboni monoksidi kifungwe usawa wa kitanda. Cha gesi ya kupikia kiwe karibu na sakafu, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi la kutoka nje isilale ikiwaka, hata ukifungua dirisha.

Kisha pawe na mtu mmoja anayesubiri ujumbe wako kila siku saa ileile. Mkubaliane kwa maandishi: ukikosa, anapiga simu baada ya saa 3, saa 12 zikipita kimya, anaita msaada. Lakini dada yako aliyeko Columbus, Ohio, akipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, inapokelewa Columbus, na aliyeko Mombasa hawezi kuipiga kabisa. Mpe namba ya moja kwa moja ya sherifu wa La Paz County, viratibu (namba za GPS) vya ulipoegesha, rangi ya kempa na namba ya gari. Ukisogea hata kilomita 5, tuma viratibu vipya. Mtandao wa simu hupatikana karibu na mji na hukatika mara tu vilima vinapokuja kati. Ukienda mbali, kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha dharura si anasa.

Aprili ikikaribia, mchana unapita nyuzi 30 na lita zako 9 hazitoshi tena. Wengi hupanda Flagstaff, mita 2,100 hivi juu ya bahari, penye misonobari na ubaridi. Huko tatizo linageuka: kivuli unachokitaka kwa ajili ya kempa ndicho kinachoiua paneli, na tawi moja likifunika safu ya seli linaweza kuondoa nguvu kubwa kuliko ukubwa wake. Beba paneli moja ya kukunja yenye waya wa mita 10, milimita mraba 6, ili kempa ilale kivulini na paneli ikae juani.